Tunduma: Mji Uliolelewa na Wanaosubiri

Mipaka mingi ya Tanzania ina alama inayoonekana kwa macho. Kusini kuna Mto Ruvuma, magharibi kuna Ziwa Tanganyika, na upande wa Ileje Mto Songwe unatutenga na Malawi. Tunduma haina mto, ziwa wala mlima wa kuitenga na Zambia. Mji huu wa Mkoa wa Songwe umebanana na Nakonde, mji wa Zambia, kiasi kwamba mgeni anaweza kutoka kwenye duka la Mtanzania, akapita uchochoro mmoja, akajikuta mbele ya duka la Mzambia kabla hajatambua kuwa ameingia nchi nyingine. Saa ndiyo itakayomshtua. Tunduma ikiwa saa tatu usiku, Nakonde ni saa mbili, na anayetaka kuchelewa kulala ana saa moja ya ziada ng'ambo.

Katika mitaa ya Sogea, Majengo, Kaloleni, Maporomoko na Makambini, mazungumzo ya kila siku yanazunguka mambo yaleyale: baa ipi inachoma nyama vizuri, duka lipi la jumla limeshusha bei, gesti ipi ina maji, kwacha imeamkaje leo, foleni ya malori imefika wapi, na watoto wachezee wapi. Mtu wa mbali atasema hizo ni soga za kijiweni za kupitisha muda. Mimi nazichukulia kuwa ndizo kumbukumbu za mji. Ukizifuata nyuma, miaka hadi miaka, unakuta jambo moja: Tunduma imelelewa na watu waliokuwa wakisubiri. Karibu kila baa na kila duka lilianza kwa sababu kulikuwa na mtu amesimama njiani, ana njaa, ana kiu, ana pesa mfukoni, na hajui ataondoka lini.

Mrija kabla ya mpaka

Kabla ya Wazungu kuchora ramani, nchi hii ilikuwa ya Wanyamwanga, waliokaa pande zote za mahali tunapopaita mpakani leo, na hadi leo wako huku na huko. Mashariki yao, kwenye miinuko ya Mbozi, walikaa Wanyiha. Milima ya Ileje ilikuwa ya Wandali na Walambya, na bonde linaloshuka kuelekea Ziwa Rukwa lilikuwa la Wawanda. Zao lililowaunganisha lilikuwa ulezi. Ulezi ulikuwa ugali, na ulezi ulikuwa pombe.

Kimpumu, pombe ya ulezi ambayo bado inanywewa Songwe na Mbeya, inaeleza mengi kuhusu starehe ya zamani. Kimea kilichochacha hutiwa maji ya moto chomboni, wanywaji hukaa kukizunguka, na kila mmoja hunyonya kwa mrija. Chombo kikipungua, maji ya moto huongezwa. Pombe ya namna hiyo haitaki haraka, wala haimfai anayekunywa peke yake. Iliwalipa waliokuja kusaidia kulima, ilipokea wakwe, ilisuluhisha ugomvi. Wapishi wake walikuwa wanawake, na jambo hilo halijabadilika sana: kilabu cha pombe ya kienyeji bado ni shughuli ya mwanamke anayesomesha watoto wake kwa chungu.

Katika miaka ya 1880 Waingereza walianza kufungua njia kutoka Karonga, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kwenda ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Iliitwa Barabara ya Stevenson, kwa jina la Mskoti James Stevenson aliyeichangia fedha, na ilihudumia biashara ya African Lakes Company. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika Mashariki, na mstari wa upande huu ukawekwa ili barabara hiyo ibaki kwa Waingereza. Mwaka 1898 wapimaji wa pande mbili wakaja kuupima mpaka ardhini. Mnyamwanga aliyelala akiwa jirani wa shemeji yake aliamka akiwa chini ya Kaisari, na shemeji yake chini ya Malkia.

Waingereza waliweka kituo cha utawala na kukiita Fife, karibu na Nakonde ya leo. Upande wa Wajerumani, wamisionari wa Kimoraviani, waliokuwa wameshafika Rungwe mwaka 1891, walifungua misheni ya Mbozi mwaka 1899. Mstari ulipokuwa na ofisi, ukawa na mizigo ya kukaguliwa, na wapagazi wakaanza kusubiri.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaleta wengine kwa nguvu. Mwishoni mwa Oktoba 1918, jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck lilipita Mbozi likielekea kusini-magharibi, na tarehe 2 Novemba likaishambulia Fife. Lilipowakuta Waingereza wamejichimbia vizuri, likaiacha na kuendelea hadi Kasama. Habari kwamba vita vimekwisha Ulaya zilimkuta jenerali huyo karibu na Mto Chambeshi, na tarehe 25 Novemba akasalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo. Vita hivyo vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi wa nchi hizi, na chakula kingi cha majeshi yote mawili kilitoka kwenye maghala ya wanavijiji.

Njia ya jehanamu

Baada ya vita pande zote mbili zilikuwa chini ya Waingereza, na mpaka ukalegea. Vijana wa kusini-magharibi mwa Tanganyika walipita kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine kutoka huko walikuja kwenye dhahabu ya Lupa. Tunduma ilikuwa kituo kidogo cha njiani.

Kilichoigeuza ni siasa za mbali. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini chini ya Ian Smith wakajitangazia uhuru wao wenyewe. Mafuta ya Zambia yalikuwa yakipitia huko, na shaba yake ilitoka kwa reli iliyopita hukohuko. Rais Kenneth Kaunda akageukia kaskazini, na Mwalimu Julius Nyerere akafungua mlango. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam na kurudi na shaba, kwenye barabara ya udongo iliyokuwa mavumbi kiangazi na tope masika. Ajali zilikuwa nyingi kiasi kwamba barabara ikapachikwa jina la njia ya jehanamu.

Hapo ndipo Tunduma ya leo ilipozaliwa. Dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam alikuwa amekwishapita zaidi ya kilomita 900. Mbele yake kulikuwa na nyingine kama hizo kabla ya kufika Lusaka. Katikati kulikuwa na karani mwenye mhuri. Dereva alihitaji wali wa moto, kitanda, fundi wa springi, na mtu wa kumwambia barabara ya mbele ikoje. Mwenye chumba cha ziada akakigeuza gesti. Mwenye sufuria akawa mama ntilie. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa msemo huo ukawa mpango wa uchumi wa mji mzima.

Mambo yakaongezeka haraka. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Barabara ikawekwa lami mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Makubaliano ya kujenga reli ya TAZARA yalitiwa saini Beijing Septemba 1967, China ikatoa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na mwaka 1973 mataruma yakafika Tunduma. Mwaka huohuo Rhodesia iliufunga mpaka wake na Zambia, na umuhimu wa njia hii ukazidi. Reli yote ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976.

Mafundi wa Kichina walikaa kwenye kambi zao na kulima mboga zao wenyewe. Watanzania na Wazambia waliofanya kazi nao kwenye njia ya reli ndio waliokuwa na mishahara ya kutumia mtaani. Treni ilipoanza kupita, ilileta aina nyingine ya msubiriji: abiria mwenye gunia moja la mchele au mahindi, anayeshuka kuuza na kupanda kurudi. Dereva wa lori alikuwa mteja wa baa na gesti. Abiria wa treni alikuwa mteja wa duka na soko. Mji ukapata miguu miwili.

Sabuni, sukari na kwacha

Wazee wa Tunduma wakizungumzia maduka, huwa wanarudi kwenye miaka ya uhaba. Mwaka 1976 serikali iliendesha Operesheni Maduka, iliyolenga kuondoa maduka ya watu binafsi na kuweka ya vijiji na ushirika. Bidhaa za jumla zilipitia kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Kisha vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda duniani, fedha za kigeni zikakauka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari, mafuta ya kula na nguo vilikuwa vitu vya kupanga foleni.

Mji usio na mto mpakani ukajikuta na faida isiyoandikwa popote. Kilichokosekana upande mmoja kilitafutwa upande wa pili. Njia za panya zilikuwa vijia vilevile ambavyo watu walivitumia kwenda msibani kwa ndugu zao. Machi 1983 serikali ilianzisha kampeni ya kupambana na wahujumu uchumi, iliyosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na neno magendo likawa zito. Hata hivyo mama aliyevuka na miche ya sabuni ndani ya khanga hakujiona mhujumu. Alijiona mzazi. Ugumu wa kutawala mpaka wa namna hii umo katika tofauti hiyo, nao bado upo.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi biashara ikafunguliwa zaidi. Zambia nayo ikafungua milango baada ya uchaguzi wa 1991. Tunduma ikawa duka la jumla la Zambia ya kaskazini na sehemu za Kongo. Wafanyabiashara wa ng'ambo walikuja kuchukua vitenge, magodoro, vyombo vya plastiki na mitumba. Mchele wa Kyela, Usangu na Kamsamba ulivuka kwa wingi, hata Wazambia wengi wanaujua kwa jina la mchele wa Nakonde, mahali wanaponunulia.

Pamoja na maduka wakaja wabadilisha fedha, wenye mabunda mkononi na viwango kichwani. Januari 2013 Zambia ilifuta sufuri tatu kwenye kwacha yake, na kwa muda noti za zamani na mpya zikatumika pamoja. Mgeni asiyejua hesabu angeweza kupoteza mtaji kwa dakika chache. Kijiweni ndiko watu walikojifunza, kwa kuulizana na kuonyana, noti ipi ipokewe na ipi ikataliwe.

Chupa, kiroba na bucha

Historia ya baa za mpakani ni historia ya sheria mbili zilizokaa jirani. Bia za Tanzania na Mosi ya Zambia zimeuzwa mitaa michache tu kutoka zilipo nyingine, kila moja kwa kodi yake na bei yake. Mnywaji wa Tunduma hujua bei za nchi mbili kama mkulima wa Mbozi anavyojua bei ya kahawa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa pombe za vifuko. Tanzania tuliziita viroba, Zambia waliziita tujilijili. Zilikuwa pombe kali za bei ya chini, na vijana wadogo waliweza kuzificha mfukoni wakaenda nazo hata shuleni. Zambia ilizipiga marufuku Aprili 2012. Tanzania ilifanya hivyo kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kwa karibu miaka mitano, kitu kilichokuwa haramu Nakonde kilikuwa halali Tunduma, umbali wa kutembea kwa miguu. Marufuku ya nchi moja kwenye mpaka usio na mto hufika nusu ya njia. Afya ya vijana wa miji hii miwili ni moja, na ingefaa sheria zake zipangwe kwa mashauriano.

Soga za mtaani nazo zina upande wa uchungu, na mwandishi wa historia hapaswi kuuruka. Mwanzoni mwa 2013 mgogoro kuhusu nani achinje nyama ya kuuzwa buchani ulizuka sehemu kadhaa za nchi, Geita ikiwa mojawapo. Aprili mwaka huo ukafika Tunduma. Vurugu zikatokea, polisi wakatumia mabomu ya machozi, na shughuli za mpakani zikasimama. Waislamu na Wakristo wa mji huu walikuwa wakinunua nyama kwenye bucha zilezile kwa miaka. Maneno ya bucha, yalipobebwa na wasioishi pamoja, yakageuka mawe. Tunduma ilirudi kwenye utulivu kwa sababu watu wake wanategemeana mno kuweza kuachana: mwenye gesti anamhitaji mwenye bucha, naye mwenye bucha anamhitaji dereva, awe wa dini yoyote.

Mkoa mpya, foleni ya zamani

Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, ukiwa na wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, na makao makuu yake Vwawa. Tunduma ndiyo mji wenye pilikapilika kuliko yote mkoani, ingawa ofisi za mkoa ziko kwingine. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi wake chini kidogo ya laki moja. Sensa ya 2022 iliwakuta zaidi ya laki mbili. Barabara ya lami kwenda Sumbawanga, yenye zaidi ya kilomita 220, imeifanya njia panda ya Tunduma kuwa mlango wa Rukwa na Katavi pia.

Foleni nayo ilikua. Malori ya shaba na kobalti ya Kongo, ya mafuta, ya mbolea na ya magari yaliyotumika yalijipanga kutoka mpakani kurudi nyuma hadi eneo la Mpemba, na dereva aliweza kukaa siku kadhaa. Kila lori lililosimama lilikuwa hasara kwa mwenye mzigo, na sahani ya ugali iliyouzwa kwa mama lishe. Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha huduma za pamoja mpakani. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza: badala ya kukaguliwa mara mbili, lori linaloingia Zambia linamaliza taratibu za nchi zote mbili upande wa Nakonde, na linaloingia Tanzania linazimalizia upande wa Tunduma.

Miezi michache baadaye korona ilionyesha jinsi mji unavyotegemea kufunguliwa kwa lango. Mei 2020 Nakonde iligundulika kuwa na maambukizi mengi, na Zambia ikaufunga mpaka huo kwa siku chache. Malori yakajaa, na vijiwe vikajaa hofu. Madereva, waliokuwa wageni wa heshima wa mji tangu enzi za mapipa ya mafuta, wakaanza kutazamwa kwa woga. Wakakipita kipindi hicho, na mji nao ukakipita.

Foleni bado hurudi mara kwa mara, lakini mwelekeo uko wazi: serikali, wenye mizigo na madereva wenyewe wanataka kusubiri kupungue. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, na mzigo ukirudi kwenye reli, lori halitalala Tunduma kama zamani. Hilo ni jema kwa nchi. Kwa mji uliokua kwa kuwauzia wanaosubiri, ni swali kubwa.

Mahali pa kukaa bila kununua

Tazama kile ambacho historia hii imejenga na kile ilichoacha. Imejenga baa, grosari, gesti, bucha, maduka ya jumla, gereji na stoo. Imeacha karibu kabisa bustani, viwanja vya watoto na vivuli vya umma. Sababu inaeleweka. Anayepita hana haja ya bustani, na ardhi ya mpakani ina thamani kubwa mno kwa mwenye nayo kuiacha majani yaote. Matokeo yake, mtoto wa Tunduma anacheza mpira kando ya barabara ya malori, na mzee asiyekunywa pombe hana pa kukaa na wenzake isipokuwa kwenye benchi la duka la mtu.

Mkoa wenyewe una mfano wa mahali pa aina nyingine. Kwenye kilima cha Marengi, Mbozi, kipo Kimondo, bonge la chuma lililotoka angani, lenye urefu wa takriban mita tatu na uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16. Wenyeji walilijua zamani, na mwaka 1930 likaingia kwenye maandishi ya wataalamu. Karibu asilimia 90 yake ni chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Leo eneo hilo liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na wanafunzi, maharusi na wasafiri huenda kupiga picha na kupumzika. Watu wa Songwe wanazungumza juu ya Kimondo kwa fahari wasiyoionyesha kwa baa yoyote, kwa sababu ni mali ya wote.

Fahari hiyo Tunduma inaihitaji ndani ya mitaa yake. Viwanja vya wazi vilivyobaki Mpemba, Chapwa na kwingineko pembezoni mwa mji vipimwe na visajiliwe kwa matumizi ya umma kabla havijauzwa, maana kiwanja kikishajengwa gesti hakirudi. Sehemu ya ushuru wa maegesho na leseni za baa irudi kama miti, taa, vyoo na viwanja vya michezo. Watu wa Nakonde waalikwe kuvitumia pia, kwa kuwa ni ndugu na wateja tangu kabla ya 1890. Vizazi vitatu vya Tunduma vimeutumia ujuzi wao kumpokea anayepita, na vimefanya kazi hiyo kwa ustadi ambao miji mingi haina. Ujuzi huohuo wa kumtandikia mtu kitanda, kumpa maji na kumuuliza habari za safari, sasa watu wa Tunduma wautumie kwa watoto wao wenyewe, ambao hawasubiri kupita popote.